Lego: boksi moja bei ya mifuko kumi ya saruji. Tunalipia nini hasa?

#1 Baba Nuru, Dar es Salaam

Wakuu, salaam.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu tuhame nyumba mwezi uliopita. Linahusu haya matofali ya plastiki ya watoto, lego. Humu kuna wazazi wengi wenye watoto wa umri wa kucheza, na Desemba ikikaribia swali ni lile lile: ninunue au niache?

Nianze na hesabu. Mwaka jana mwanangu wa kiume alitimiza miaka 7. Alikuwa amezikuta lego kwa binamu yake, akarudi nyumbani hana habari nyingine. Nikazunguka madukani. Duka moja nikakuta boksi la mchanganyiko, vipande 484, shilingi 165,000. Boksi hilo Marekani bei yake ya rafuni ilikuwa dola 35, tuseme 90,000 yetu. Katikati hapo kuna usafiri, ushuru wa forodha, VAT asilimia 18, pango na faida ya mwenye duka. Simlaumu mtu. Ila kwa 165,000 mimi napata mifuko kumi ya saruji, na kwa fundi asiyechakachua hiyo ni kama tofali 300 za kupandisha ukuta.

Mwishowe sikuchukua lile boksi. Nilichukua gari la zimamoto, boksi dogo zaidi, 120,000, kwa sababu mtoto aliona picha na macho yakamtoka. Nilidunduliza miezi mitatu.

Alilijenga kwa saa moja na nusu, amelala kifudifudi sebuleni, kijitabu cha maelekezo mbele yake. Hakuomba msaada hata mara moja. Lilipokamilika nikalipiga picha, nikalipandisha juu ya kabati, nikamwambia: "Hili usilivunje, ni la gharama." Akaitikia. Likakaa pale miezi minane. Siku moja moja akaniomba alishushe. Anaruhusiwa kulisukuma kidogo kwenye zulia, kisha linarudi juu.

Tulipohama, gari lilipakiwa kwenye ndoo pamoja na sufuria. Tunafika, limesambaratika. Nilikasirika, nikaiacha ndoo ile barazani nikaendelea kushusha mizigo. Narudi jioni nikamkuta mtoto na dada yake mdogo wamekaa chini kwenye sakafu tupu, nyumba haina hata pazia, wamejenga kivuko. Kivuko cha Magogoni, kile kinachofunguka mlango mbele na nyuma. Ngazi ya zimamoto ndiyo imekuwa mlango wa kuteremshia magari. Taa ya bluu ya king'ora iko juu kwa nahodha. Nilimuuliza huyu mtu mdogo wa plastiki, mzimamoto mwenye kofia, anafanya nini. Akaniambia, "Huyo anakata tiketi."

Wakuu, nilikaa chini. Miezi minane nilikuwa nimemnunulia mwanangu kitu kisha nikamnyima, kwa sababu ya bei yake. Sikumnyima kwa ubaya, nilikuwa natunza jasho langu. Lakini kile kinachofanya lego iwe lego ni kwamba inavunjwa. Gari lililokaa juu ya kabati ni sanamu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila nilichokipata juu ya kampuni hii, maana nilitaka kuelewa ile 120,000 ilikwenda wapi.

Mwanzilishi alikuwa seremala, Ole Kirk Kristiansen, wa mji mdogo wa Billund nchini Denmark. Alianza kutengeneza vya kuchezea vya mbao mwaka 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana pesa ya kujenga nyumba wala kununua samani. Jina lilikuja 1934, kutoka maneno mawili ya Kidenmaki, leg godt, yaani cheza vizuri. Baada ya vita akanunua mashine ya kumimina plastiki, na mwaka 1949 yakatoka matofali ya kwanza, kwa kufuata wazo la Mwingereza Hilary Fisher Page aliyekuwa ameshatengeneza ya kwake. Lakini yale ya mwanzo yalikuwa matupu kwa ndani. Unayapanga, ukigusa kidogo yanaachana. Ni mtoto wa seremala, Godtfred, aliyepeleka ombi la hataza, yaani haki ya kulinda ubunifu wake, tarehe 28 Januari 1958 kwa tofali lenye mirija ndani yake. Chukueni tofali moja la vinundu nane, yaani vile vya duara vinavyochomoza juu, mligeuze: mtaona mirija mitatu. Kinundu cha tofali la chini kinabanwa kati ya mrija na ukuta. Siri yote iko hapo. Linashika kiasi cha kutodondoka, na linaachia kiasi ambacho kidole cha mtoto kinaweza.

Tofali la 1958 linaingia kwenye tofali lililotoka kiwandani jana. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, kimo ni milimita 9.6, na havijabadilika. Plastiki yenyewe, wanayoiita ABS na ambayo walihamia mwaka 1963, si ghali kiasi hicho. Kinachokula pesa ni kalibu za chuma zinazomiminiwa plastiki ipate umbo, ambazo zikipotoka kwa kipimo ambacho jicho halikioni, tofali ama linakwama ama linalegea.

Kwa hiyo kubana ndiko tunakolipia, na hilo mimi nalikubali. Kisha kuna kitu cha pili, picha ya kwenye boksi, na hapo ndipo nina ugomvi. Mwaka 1999 walianza kuuza maboksi ya Star Wars, mara yao ya kwanza kukodi jina la filamu. Mwaka 2017 wakatoa chombo cha anga cha filamu hizo, Millennium Falcon, vipande 7,541, dola 800. Ukigawa ni zaidi kidogo ya senti 10 kwa kipande. Lile boksi la mchanganyiko la 484 ni kama senti 7. Kipande ni kile kile, kinabana vile vile. Na vile vya picha vina vipande vingi vya umbo la pekee, ambavyo mtoto hajui avipeleke wapi chombo kikishavunjwa.

Maoni yangu: mzazi asinunue lego ambayo hatathubutu kumwachia mtoto aivunje. Bora matofali 60 ya kawaida yaliyo mikononi kuliko 500 yaliyo kabatini. Naomba michango, hasa ya waliopata kwa bei nafuu.

#2 Mkazi wa Mbande

Baba Nuru, nimekusoma mpaka mwisho na kivuko kimenigusa. Ila niseme ukweli wangu. Sisi tulitengeneza magari kwa waya na visoda, tairi za kandambili, na hatukulipia hata senti. Mtoto anayetengeneza gari la waya anajua kukunja, kukata na kupima. Kwa nini nimlipe Mdenmaki mifuko kumi ya saruji?

#3 Baba Nuru

Mkuu, sikupingi hata kidogo, gari la waya nimelitengeneza na nimeliendesha kwa fimbo ndefu mpaka shule. Tofauti niliyoiona ni moja. Gari la waya likishakuwa gari, limekuwa gari. Ukilikunjua waya unakatika, kisoda kimeshatobolewa. Kivuko cha mwanangu asubuhi yake kilikuwa mnara, jioni duka. Anakosea na kosa halimgharimu kitu. Kama wako wanapata waya na koleo, wape, na usiache. Mimi naishi ghorofa ya pili na wa kwangu wana miaka 8 na 5.

#4 FundiMbao, Morogoro

Mimi ni seremala kwa miaka 26, kwa hiyo habari ya huyu seremala mwenzangu imenifurahisha sana, sikuwa naijua.

Nilishawahi kujaribu. Mjukuu wangu aliziona lego, nikasema za nini, mbao ninazo. Nikakata vipande vya mninga, nikavipiga msasa, nikatoboa matundu upande mmoja na kupachika vijiti vya duara upande wa pili. Kiangazi vilishikana vizuri mno, nikajisifu. Ilipoingia masika mbao ikavimba, vijiti vikagoma kutoka. Mtoto anavuta kwa meno. Kiangazi kilichofuata vikalegea. Mbao inapumua, huwezi kuilazimisha ikae kwenye kipimo kimoja mwaka mzima. Nadhani ndiyo maana mzee yule alihamia plastiki, ingawa kwa seremala si uamuzi mwepesi kuiacha mbao.

Lakini msidharau mbao tupu zisizoshikana. Nikamkatia mjukuu vipande 80, vya mraba na vya mstatili. Uwiano ndio muhimu: kirefu kiwe mara mbili ya kifupi sawasawa, na upana mara mbili ya unene, hapo vinapangika kila upande. Vile anavichezea mpaka leo, anajenga maboma ya ng'ombe. Vipandevipande vya karakana yoyote vinatosha, mwombeni fundi wa mtaani kwenu, mpeni ya msasa na soda. Msipake rangi kama mtoto bado anatia vitu mdomoni.

#5 Mama Kui, Nairobi

Hamjambo wote. Nimesoma uzi huu nikitikisa kichwa, kwa sababu hata mimi niliweka ya kwanza juu ya rafu.

Mimi sasa hununua za mitumba. Huku kwetu kuna watu wanaouza vitu vya watoto vilivyotumika, vinakuja kwenye robota kama nguo. Lego hutiwa kwenye mfuko pamoja na takataka nyingine za plastiki, na anayeuza mara nyingi hajali ni ya kampuni gani. Mfuko wa kilo moja na nusu nilipewa kwa shilingi 1,800 za Kenya baada ya kuvutana kidogo.

Namna ya kuchambua: angalieni juu ya kila kinundu. La LEGO lina jina limeandikwa kwenye kila kinundu, herufi ndogo sana, pitisha ukucha utalisikia. Lisilo na jina lijaribu palepale sokoni kwa kulibana na lenye jina. Likibana na kuachia vizuri, lichukue pia, kwa nini usilichukue? Likiyumba, rudisha.

Halafu kuosha. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, yasizidi digrii 40, kwa sababu yakiwa moto tofali linapinda na halitabana tena milele. Sabuni kidogo, mswaki wa zamani kwa zile pembe. Yatandazeni kwenye taulo kivulini. Mimi niliyaacha juani siku nyingi kwenye mabati, yale meupe yakageuka manjano kama meno ya mvutaji.

Na kwa walio na mtoto chini ya miaka 3: tafadhali sana, si haya madogo. Kuna makubwa yanaitwa Duplo, yametoka tangu 1969, ni mara mbili kwa urefu, upana na kimo, hayamezeki. Hata hayo yanabana na yale madogo, kwa hivyo hamtupi kitu mtoto akikua.

#6 Mswahili wa Jutland

Nawasalimu kutoka Denmark, naishi mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Billund. Niwaambie tu kwamba hata huku ni ghali. Mfanyakazi mwenzangu mwenye watoto watatu alinunua moja kubwa kwa Krismasi, akasema basi, hiyo ni ya wote.

Jambo nililolijua hapa ni kwamba familia nyingi hazianzi na boksi jipya. Zinaanza na sanduku la bibi. Bibi ana matofali ya watoto wake wa miaka ya sabini, yako darini, mjukuu akizaliwa yanashushwa. Ndiyo maana ule ukweli aliousema Baba Nuru, kwamba la 1958 linabana na la leo, huku watu hawaushangai, wanauishi. Gharama imegawanywa kwa vizazi vitatu. Wikendi za majira ya joto watu wanapanga vitu vyao vya zamani barabarani wanauza, na sanduku la lego halikosekani. Nikija likizo hubeba kilo mbili tatu kwenye begi. Hazivunjiki, hazimwagiki, hazina shida uwanja wa ndege.

Na kampuni yenyewe ilikaribia kufa mwaka 2003 na 2004. Walikuwa wamejitanua kwenye mambo mengi, nguo, michezo ya kompyuta, bustani za kutembelea, na wakajaza maboksi vipande vya maumbo ya ajabu, kila kimoja na kalibu yake. Walipomweka mkurugenzi mpya 2004, Jørgen Vig Knudstorp, asiyetoka kwenye ukoo wa mwanzilishi, alipunguza aina za vipande na mwaka 2005 zile bustani za Legoland wakauza sehemu kubwa. Walirudi kwenye tofali. Kwa hiyo ugomvi wa Baba Nuru na vipande vya umbo la pekee, wenyewe wameshagombana nao ndani ya nyumba yao.

#7 Mwalimu wa Awali

Mimi nafundisha darasa la awali, watoto 54. Naomba niseme kwa wale wanaodhani lazima iwe boksi zima.

Kuna mazoezi ya matofali sita tu. Kila mtoto ana sita, ya vinundu nane, kila moja na rangi yake. Unawaambia: jenga mnara, nyekundu isikae karibu na njano. Au mmoja anajenga kwa siri nyuma ya daftari, anamweleza mwenzake kwa maneno ajenge cha kufanana. Nimeshuhudia mtoto ambaye hakuwahi kufungua mdomo darasani akimwelekeza jirani yake "juu ya bluu, lakini kwa pembeni" kwa sauti mpaka nikageuka. Sina matofali 324. Ninayo 60, niliyoyachangisha kwa wazazi, tunapokezana kwa makundi.

Sita ni kidogo? Mtaalamu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Søren Eilers, alihesabu kwa kompyuta njia za kuunganisha matofali sita ya vinundu nane ya rangi moja. Ni 915,103,765. Mawili tu yana njia 24. Huwa nawaandikia ubaoni ile namba ndefu, hawaijui kuisoma bado lakini wanaihesabu tarakimu.

Niongeze pia kwamba robo ya kampuni ile inamilikiwa na mfuko wake wa hisani, LEGO Foundation. Mwaka 2019 mfuko huo ulitangaza dola milioni 100 kwa mradi wa kujifunza kupitia mchezo kwa watoto wakimbizi na wenyeji wao, hapa Tanzania, Uganda na Ethiopia. Kwa hiyo si kwamba upande wetu hawaujui. Ninachotamani ni kuyaona matofali yenyewe kwenye madarasa ya kawaida kama langu, kwa bei ambayo kamati ya shule inaiweza.

#8 Kijana wa Tandika

Shukrani kwa elimu. Swali: yale ya Kariakoo yanayofanana kabisa, boksi 25,000, ni haramu? Nisijenunua magendo.

#9 Baba Nuru

Kijana, swali zuri, nami nililitafuta jibu lake.

Hataza zina mwisho, na zile za tofali zilishaisha muda. Kampuni ilijaribu kulilinda umbo la tofali kama alama ya biashara na ikashindwa, Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 2005 na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2010. Hoja ilikuwa kwamba umbo linalofanya kazi huwezi kulihodhi milele kwa njia hiyo. Kwa hiyo kiwanda kingine kutengeneza tofali linaloingiliana na lego, kwa jina lake chenyewe, si wizi. Wizi ni kunakili boksi, picha, maelekezo na wale watu wadogo, kama walivyokuwa wakifanya wale waliouza kwa jina la Lepin kule China. Polisi walivamia kiwanda huko Shantou mwaka 2019.

Kwa ubora, nimenunua mawili ya bei hiyo. La kwanza lilibana vizuri, rangi tu zinatofautiana kidogo kati ya kipande na kipande. La pili lilikuwa na harufu kali siku tatu mfululizo na nusu ya matofali hayashikani. Binti yangu wa miaka 5 alilia, akidhani ni mikono yake isiyojua. Hilo liliniuma kuliko hasara. Mtoto hajui kwamba kalibu ndiyo mbovu, anajiona yeye ndiye hawezi. Kwa hiyo usinunue boksi lililofungwa bila kuona. Mwombe muuzaji alifungue, bana vipande kumi. Akikataa, ondoka.

#10 Mkazi wa Mbande

Nimerudi. Baba Nuru, hilo la mtoto kudhani ni mikono yake limenifikisha. Kesho napita kwa fundi mbao wa hapa jirani kwanza, hayo ya plastiki nitayaangalia mwezi ujao.

#11 Baba Nuru

Taarifa, wakuu, maana wengine wameniuliza inbox.

Jumamosi nilikwenda mtumbani na watoto wote wawili. Tulipata kama kilo mbili, shilingi 38,000, nusu yake ya LEGO kwa kuhesabu vinundu vyenye jina kama alivyofundisha Mama Kui. Tumeosha kwenye beseni, tumetandaza kwenye khanga chumbani. Tulipoyapanga kwa rangi tukakuta saba hayabani na chochote. Binti ameyaweka kando, anasema hayo ni mawe.

Kijitabu cha gari la zimamoto ninacho bado. Nilimwuliza kijana kama anataka tulijenge tena lile gari, vipande vyote vipo. Akafikiri, akasema labda, lakini ngazi kwa sasa inatumika.

Kwa anayetaka kwenda mtumbani: nendeni asubuhi robota zinapofunguliwa, saa mbili au saa tatu hivi, na mbebe tofali moja lenye jina mfukoni la kupimia.